Kuandaa sesheni za kampeni ndefu: njia ipi inakufaa kati ya hizi

Nazungumzia michezo ya kuigiza wahusika mezani, kama Dungeons & Dragons (D&D): kila mchezaji ana mhusika wake, GM ni msimamizi anayeendesha dunia na watu wengine wote, kila mkikutana kucheza ni sesheni, na sesheni zinazofuatana kwenye hadithi moja ndo kampeni. Kampeni ya wiki tatu unaweza kuiandaa vyovyote vile na ikaisha vizuri tu. Kazi iko kwenye kampeni ndefu, ile ya mwaka mzima au miaka kadhaa, wahusika walianza leveli 1 wakikimbizwa na panya sa hivi wanagombana na wafalme, kuna watu wa pembeni kama arobaini ambao wewe GM unatakiwa ukumbuke majina yao na sauti zao, alafu kuna ahadi ambayo mchezaji mmoja alimpa mchawi fulani miezi mitano nyuma na anaikumbuka vizuri kuliko wewe. Hapo ndo namna unavyoandaa inaanza kuwa na uzito. GM wengi ninaowajua walioacha kampeni katikati wanaupenda mchezo vilevile, kilichowashinda ni maandalizi ya kila wiki.

Kwa hiyo hapa naziweka njia zinazotumika sana bega kwa bega, na ili ulinganisho uwe wa haki nazipa zote kazi moja. Kisa ni hiki: kuna mji mdogo mlimani wenye kengele kubwa kwenye mnara, inapigwa kila jua likizama na ndo inayozuia mizimu ya bondeni isipande. Jana usiku imeibwa. Walioiba ni genge la wachimba madini, wamelipwa na mama mmoja tajiri anayetaka watu wahame ili anunue ardhi yao kwa bei ya kutupa. Mlinzi wa mnara anajua kila kitu ila amenyamaza kwa sababu mdogo wake yumo kwenye lile genge. Basi, ndo hicho tu.

Kipimo changu kikubwa ni kimoja: wachezaji wakiamua kwenda kushoto wakati we uliandaa kulia, ni kiasi gani cha kazi yako kinabaki na faida? Kwenye kampeni ndefu hili litatokea, na litatokea tena na tena, kwa hiyo njia inayokufanya utupe kazi ya saa nne kila wakibadili mawazo haiwezi kukufikisha mwisho hata kama ni nzuri kiasi gani kwenye karatasi.

Kuandika hadithi yote mwanzo mwisho

Hii ndo inayomjia kila mtu kwanza. Tukio la kwanza wachezaji wanafika mjini, la pili wanaongea na mlinzi wa mnara, la tatu anakiri analia, la nne wanashuka mgodini, la tano wanapigana na genge, la sita wanamfichua yule mama mbele ya watu wote. Unaandika na maneno ya kusoma kwa sauti, unaandika hotuba ya yule mama, inapendeza kweli.

Sasa fikiria mchezaji wa kwanza anasema mi simwamini huyu mlinzi, tusiongee naye, twende tukalale juu ya mnara tusubiri hiyo mizimu tuione. Matukio yote sita yameyumba kwa sentensi moja. Hapo una mawili, uwaburuze warudi kwenye mstari wako (na wanahisi, wachezaji wanahisi haraka sana kwamba uamuzi wao haukuwa na kazi), au uache karatasi zako uanze kubuni. Na ukisema ngoja niandae kila tawi, hesabu yake inakataa: maamuzi matatu tu yenye njia tatu tatu yanazaa miisho 27, na mezani utatumia mmoja, zile 26 zimekula jioni zako bure.

Siisemi vibaya yote lakini. Kwa dakika kumi za ufunguzi wa kampeni, au sesheni ya mwisho kabisa ambapo nyuzi zote zimeshafika sehemu moja na wachezaji wenyewe wamechagua kuwa pale, kuandika kwa undani kunalipa. Kama mchezo ni wa siku moja pia sawa. Kwa mwaka mzima, hapana.

Kununua kampeni iliyochapishwa

Watu wanadhani hii inaondoa kazi. Inaibadilisha tu, unaacha kuandika unaanza kusoma, na kusoma kwenyewe ni kwingi. Zile kampeni za mchezo wa Pathfinder zilizoanza kutoka 2007 zilizoeleka kuwa vitabu 6 kwa kampeni moja. Curse of Strahd ya 2016, ya D&D, inawapeleka wahusika kutoka leveli 1 mpaka 10 na mapema tu kuna kupiga ramli kwa karata ambayo inaamua hazina tatu muhimu ziko wapi, nani atawasaidia, na adui mkuu watakutana naye wapi. Utamu wake ni kwamba kila kikundi kinapata kampeni tofauti kidogo, ila maana yake ni kwamba kama hujasoma kitabu mpaka mwisho kabla ya siku ile ya karata unaahidi vitu usivyovijua.

Faida ziko wazi: ramani zipo, takwimu za mazimwi zipo, na kuna mwisho, kitu ambacho kampeni za kujitungia zinakikosa mara nyingi. Kama kazi yako inakuchosha akili lakini una muda wa kukaa na kitabu, hii inakufaa sana. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mwandishi hawajui wachezaji wako. Mmoja kaandika kwamba kaka yake alipotea vitani, kitabu hakina kaka yake. Dawa yake ni rahisi na inafanya kazi, chukua mhusika wa pembeni aliyeko kwenye kitabu, mwenye nafasi kubwa kidogo, mgeuze awe huyo kaka. Fanya hivyo kwa kila mchezaji angalau mara moja kabla hamjafika theluthi ya kitabu, baada ya hapo kampeni inakuwa yao.

Na usiandae kutoka kwenye kitabu chenyewe ukiwa mezani, aya zile zimeandikwa za kusomwa umetulia. Soma sura, funga kitabu, andika kwenye ukurasa mmoja nani yuko wapi anataka nini na kuna hatari gani. Ulichosahau kuandika mara nyingi hakikuwa muhimu.

Hatua 8 za kila wiki

Hii imeenezwa na Mike Shea, mwandishi wa vitabu vya kuwasaidia GM, 2018 aliiweka kwenye mpangilio wa hatua 8: pitia wahusika wa wachezaji wako, tafuta mwanzo wenye nguvu, orodhesha matukio yanayoweza kutokea, andika siri na madokezo, sehemu za kuvutia, watu wa pembeni, mazimwi, na zawadi za kichawi. Mstari mmoja au miwili kila kitu. Ukizoea ni kama saa moja hivi.

Kati ya hizo nane naomba nikae kwenye siri, maana hapo ndo penye dhahabu. Unaandika siri 10, kila moja sentensi moja, na HUSEMI zitapatikana wapi wala kwa nani. Kwa kisa chetu zingekuwa hivi: kamba ya kengele ilikatwa kwa kisu cha wachimba madini, mlinzi wa mnara ana mdogo wake ambaye hamtaji, mama tajiri ameshanunua nyumba tatu mwezi huu, kengele iliyeyushwa kutoka kwenye panga za watu waliokufa bondeni, mizimu inaogopa ile sauti kwa sababu inawakumbusha siku waliyokufa. Unaendelea hivyo mpaka kumi. Wachezaji wakikesha mnarani badala ya kuongea na mlinzi wanaikuta kamba iliyokatwa, siri ya kwanza imetoka. Wakienda kilabuni kunywa, mlevi anasema habari za nyumba tatu. Wakienda kuongea na mizimu yenyewe (na kuna wachezaji watafanya hivyo, wapo kila meza) siri ya tano inatoka kinywani mwa mzimu. Popote walipoenda wamekutana na kitu cha maana, na we hukutupa chochote. Zisizotumika zinahamia wiki ijayo au unazifuta, maana siri ambayo haijasemwa mezani bado sio kweli, unaweza kuigeuza.

Udhaifu wa njia hii kwa kampeni ndefu ni kwamba inaangalia wiki moja mbele tu. Ukiitumia peke yake miezi kumi unajikuta na sesheni nzuri nzuri nyingi ambazo haziongozi popote, wabaya wanaibuka wiki hii wanasahaulika wiki ile. Inahitaji kitu juu yake cha kushika safari ndefu, nitakifikia.

Kuandaa hali, hadithi itajileta

Hapa unaandaa mahali, watu, wanachotaka na wanachoficha, na unaishia hapo. Ukirudi nyuma mpaka D&D ya kwanza ya 1974, kazi ya GM ilikuwa hasa kuchora mahandaki, vyumba, vilivyomo, hatari na hazina, alafu wachezaji wanaamua waingie mlango gani, hadithi ni kile kilichotokea. Njia hii ni ile ile ila badala ya vyumba una watu na sehemu zinazounganishwa na habari.

Kwa kengele yetu ungekuwa na vituo vinne: mnara, mgodi, jumba la yule mama, na bonde la mizimu. Kila kituo kina madokezo yanayoelekeza kwenye vituo vingine. Mnarani kuna kamba iliyokatwa (inaelekeza mgodini) na barua ya mdogo wake mlinzi (inaelekeza jumbani). Mgodini kuna daftari la malipo, na kadhalika. Hakuna mpangilio wa kipi kwanza.

Kama kampeni yako ina upelelezi ndani yake, kuna kanuni ya madokezo matatu ambayo Justin Alexander, mwandishi wa mambo ya michezo hii, aliiandika 2008 na mi naona kila GM aijue: kila hitimisho unalotaka wachezaji walifikie, liwekee angalau madokezo matatu. Hesabu yake inaonyesha kwa nini. Tuseme kila dokezo lina nafasi ya 70% kuonekana na kueleweka. Ukiweka moja tu, sesheni yako ina nafasi ya 30% kukwama, yaani karibu mara moja kwa kila tatu watu watakaa wanatazamana. Ukiweka matatu yasiyotegemeana, nafasi ya kukosa yote ni 0.3 mara 0.3 mara 0.3, chini kidogo ya 3%. Kwa kazi ya dakika tano za ziada hiyo ni faida kubwa mno.

Muda: inakula saa nyingi mwanzoni, labda jioni mbili kwa kisa kimoja, lakini kisa kimoja kinakupa sesheni tatu au nne ambazo kati yake unakuwa huna cha kuandaa zaidi ya kufikiria nani kakasirishwa na nini. Ukigawanya, inatoka nafuu kuliko inavyoonekana. Udhaifu ni kwamba hali ikiachwa peke yake inakaa tu, mama tajiri anasubiri jumbani kwake mpaka wachezaji wapende kuja, na dunia inayosubiri wachezaji inaanza kunuka baada ya muda.

Matishio na saa

Hii ndo naipenda kuliko zote kwa kampeni ya muda mrefu kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha. Mbegu yake iko kwenye Apocalypse World ya 2010 ambapo GM anaandika matishio na kila moja linaelekea wapi, na Blades in the Dark ya 2017 ikaifanya ionekane kwa macho, unachora duara unaligawa vipande 4, 6 au 8, kila jambo likisogea unajaza kipande, duara likijaa jambo limetokea. Huhitaji kucheza michezo hiyo, saa inafanya kazi kwenye mchezo wowote.

Mama tajiri ana saa ya vipande 6. Kipande cha kwanza familia mbili zinahama, cha pili ananunua kinu cha mji, cha tatu mizimu inaingia mtaa wa chini usiku, cha nne baraza la mji linamwomba mkopo, cha tano anakaa kwenye kiti cha baraza, cha sita mji ni wake na anafungua bonde kuchimba kilichomo. Genge lina saa ya vipande 4: wanagombania malipo, mmoja anauawa, mdogo wake mlinzi anatoroka na ulimi wa kengele, genge linasambaratika na kengele inauzwa kwa mtu mbaya zaidi. Hiyo ni nusu ukurasa, na angalia ilichokupa. Wachezaji wakisema sisi haya mambo ya kengele hayatuhusu, tunaenda pwani kutafuta lile joka, sawa, waende. Kila baada ya sesheni unajaza kipande kwa kila tishio ambalo hakuna aliyeligusa. Wakirudi miezi miwili baadaye mlinzi wa geti amevaa nembo ya yule mama, kinu kina jina jipya, na mtoto waliyempa mkate siku ile hayupo. Hukutumia hata dakika moja ya ziada kuandaa na wachezaji wanakaa kimya mezani kwa sababu wameona kwamba kutokuchagua nako kulikuwa kuchagua.

Na ni hapa ambapo jibu la kipimo changu linakuwa zuri kuliko sehemu zote, maana wachezaji wakienda kushoto maandalizi yako hayapotei, yanaiva. Njia nyingine zinavumilia mabadiliko ya wachezaji, hii inayatumia.

Tahadhari ziko mbili tatu. Usiwe na saa zaidi ya tano zinazotembea kwa wakati mmoja, wachezaji hawawezi kujali matishio kumi na mbili na wewe huwezi kuyafuata. Kila kipande kionekane duniani, kama saa inajaa kimya kimya kwenye daftari lako bila mtu kusikia fununu, siku ikijaa itaonekana umewaonea. Alafu vipande vya mwisho viwe vinauma lakini viwe vinafungua mlango mwingine, mji ukichukuliwa kampeni iwe na kitu kipya cha kufanya, usiandike kipande kinachosema wote wanakufa mwisho.

Kitu kingine kinachoenda vizuri na saa ni kuruka muda. Pendragon, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur, inafanya hivi kwa makusudi, kila tukio kubwa linafuatiwa na kipindi cha majira ya baridi ambapo mwaka unapita, mashujaa wanazeeka, wanaoa, wanazaa, na kampeni yake kubwa iliyochapishwa inachukua miaka kama 80 ndani ya hadithi mpaka watoto wanarithi viti vya baba zao. Hata kwenye mchezo mwingine, ukimaliza sehemu moja ya kampeni sema miezi sita imepita, jaza saa zote vipande viwili, waulize wachezaji walifanya nini. Una kampeni mpya kabisa kwa dakika ishirini.

Dunia wazi na majedwali

Hapa kazi kubwa inafanyika mwanzo, ramani kubwa, jedwali la utakachokutana nacho kila eneo, alafu dadi zinakusaidia. Traveller ya 1977, mchezo wa safari za anga za mbali, ilikuwa inakupa ramani ya vigae vya pande sita, 8 kwa 10, unarusha dadi moja kwa kila kigae na karibu nusu vinakuwa na dunia, alafu dadi zinakuambia hewa yake, watu wake, serikali yake, we kazi yako ni kukaa na matokeo ya ajabu na kujiuliza inawezekanaje. Kwa mtu anayependa kujenga dunia, ni starehe kubwa mno.

Lakini sababu iliyonishawishi zaidi kuiheshimu njia hii ni mahudhurio. Kampeni ndefu inauliwa na ratiba kuliko na joka lolote. Kama mna wachezaji watano na kila mmoja anaweza kuja mara 9 kati ya 10, nafasi ya wote watano kuwepo siku moja ni 59% tu. Ben Robbins, mbunifu wa michezo hii, aliwahi kueleza kampeni yake ya West Marches, ilikuwa na wachezaji zaidi ya kumi, haina siku maalum wala kikundi maalum, wachezaji wenyewe wanapanga nani anakwenda na wapi, na kila safari inaanzia na kuishia kwenye mji ule ule ulio salama. Ukiwa na kundi la watu wenye kazi za zamu na watoto wadogo, muundo huu unaishi pale ambapo mingine yote inakufa. Unachopoteza ni hadithi za ndani za wahusika, zile za kaka aliyepotea vitani, hazina nafasi kubwa wakati watu wanabadilika kila safari.

Kubuni papo hapo

Fupi tu: inawezekana, na kila GM wa kampeni ndefu atalazimika kuiweza siku fulani. Kama njia ya kudumu naona inamchosha GM mezani badala ya nyumbani, na uzito wa mambo unapungua maana wachezaji wanaanza kuhisi hakuna kitu nyuma ya pazia. Ila beba vitu viwili kila mara, orodha ya majina kama ishirini yanayoendana na dunia yako, na ile dadi ya mapokezi ya D&D za zamani, dadi mbili za pande sita ukikutana na mtu au kiumbe: ukipata 2 wanashambulia, 12 wanakuwa marafiki, katikati hawajaamua wanakuangalia. Kwa kuwa 7 inatoka mara 6 kati ya 36 na 2 au 12 inatoka mara moja moja tu, wengi utakaokutana nao wanakuwa watu wa kuongea nao. Hiyo peke yake inazaa mazungumzo mazuri kuliko mapigano manne mfululizo.

Sasa uchague vipi

Kama una saa moja kwa wiki na kikundi chako ni kile kile kila mara, mi ningekuambia saa na matishio kama mgongo, unazigusa dakika kumi baada ya kila sesheni, na hatua 8 kwa ajili ya wiki yenyewe, na ukibanwa kabisa kati ya hizo nane chukua mbili tu, mwanzo wenye nguvu na siri kumi. Huo mchanganyiko ndo ninaouamini kuliko wote, unaziba udhaifu wa kila upande, saa zinashika mwaka na siri zinashika jioni.

Kama una muda mwingi ila mawazo hayaji, nunua kampeni, na weka saa mbili tatu za wabaya waliomo ili kitabu kisisubiri. Kama wachezaji wako wanapenda upelelezi, vituo na madokezo matatu, hapo usibane matumizi ya muda. Kama hamuwezi kukutana wote, dunia wazi, usipigane na ratiba. Kama we ni GM mpya kabisa, chukua moduli fupi ya mwanzo (kisa kimoja kilichochapishwa) uicheze mpaka iishe kabla hujagusa kampeni ya miaka.

Na njia yoyote utakayochagua, kuna swali la kuuliza mwisho wa kila sesheni ambalo linaokoa muda kuliko mbinu zote humu: wakati ujao mnaenda wapi na kufanya nini? Waache wabishane dakika tano, wakubaliane, uandike. Sasa unaandaa kitu kimoja badala ya vitano, na wamechagua wenyewe.

Kuhusu pa kuhifadhi maandalizi yako, jambo hili usilipe uzito mkubwa ila usilidharau pia. Daftari la karatasi ni la haraka mezani na halikuvutii kwenye mambo mengine, tatizo lake linaanza mwezi wa nane ukitafuta jina la mwenye duka wa mwezi wa pili. Programu kama Obsidian ambazo kurasa zinaunganishwa zinashinda hapo, unaandika jina la mtu na kila sesheni aliyotokea unaiona, kwa kampeni ndefu naona inafaa kujifunza. Meza za mtandaoni kama Roll20 na Foundry ni nzuri kwa kuchezea mkiwa mbali, ila kuwa macho, kupanga taa na kuta na picha kwenye ramani kunaweza kukula jioni nzima kwa chumba ambacho wachezaji watakipita, kwa hiyo panga ramani ya pigano moja uliyo na uhakika nalo na mengine yote yachorwe hapo hapo.

Ukiwa tayari uko katikati ya kampeni na unataka kuhama, usihame wakati wachezaji wako katikati ya handaki au kesi haijatatuliwa, maana mwendo wa mchezo ukibadilika ghafla wanahisi kama dunia imebadilishwa chini ya miguu yao. Subiri sehemu hiyo ifungwe, ruka miezi kadhaa ndani ya hadithi, kaa chini na daftari lako la zamani uandike kila mtu ambaye bado yuko hai na ana sababu ya kuwachukia au kuwadai wachezaji, chagua watatu, wachoree saa zao, alafu ita kikao.